Wiki Ambayo Unga Haukufika

Shamba la Bwana Whitcombe,
Elmenteita,
9 Machi 1958.

Kwako Dada Wangare,

Pokea salamu zangu, wewe na mwanao Wariara na wote mnaokaa nao hapo kijijini. Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimekuacha. Mimi sijambo kwa kadiri ya mtu wa umri wangu. Magoti yananigomea asubuhi nikiinama kuwasha jiko, lakini mikono bado inakanda. Mke wangu Kageha yuko nyumbani Maragoli, naye anakusalimu ingawa hamjaonana hata siku moja. Mvua bado. Vumbi la mgodi wa Kariandusi linatua juu ya kila kitu kama zamani: asubuhi napangusa meza, saa sita naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole.

Habari za mama yako nimezipata. Pole sana, dada. Aliyeniambia ni Waithaka, yule aliyekuwa bustanini, ambaye amerudishwa kazini mwezi jana. Alinieleza jinsi mama alivyoondolewa Subukia pamoja na watu wengine wakapelekwa Fort Hall, na kwamba alifariki kabla wewe hujatoka kambini. Aliniambia pia kwamba barua ikipitia kwa mwalimu wa misheni itakufikia. Nilimsikiliza nikiwa nakata vitunguu, na nilishukuru kwamba vilikuwa vitunguu.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Ulipoondoka hapa nilijua kuandika majina ya unga tu, yale uliyonifundisha pale kwenye meza ya jikoni ili nisichanganye makopo: ngano, mchele, mahindi. Tangu hapo nimejikokota peke yangu na kitabu cha sala. Kama kuna herufi zimekaa upande, ujue mwalimu wangu aliondoka mapema.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Chepngeno, msichana aliyechukua kazi yako, anaolewa baada ya Pasaka na hataki kusikia habari ya kubaki. Memsabu naye atajifungua mwezi wa tano. Jumatatu iliyopita aliniita barazani, akasema amefikiri sana, na kwamba katika mayaya wote waliopita nyumba hii hakuna aliyemjua mtoto kama Wangare. Akasema miaka imepita, nchi inatulia, na yeye ni Mkristo. Kwa hiyo nikuandikie nikuambie kwamba amekusamehe. Ukikubali kurudi, Bwana atasema na D.O., mkuu wa tarafa, upewe pasi ya kusafiri na kufanya kazi.

Nilijibu ndiyo Memsabu, kama ninavyojibu kila kitu, nikarudi jikoni nikakaa juu ya ndoo ya makaa. Mchuzi wa siku hiyo uliungua, na haujawahi kuungua tangu niingie nyumba hii.

Najua pasi ni kitu gani kwako. Waithaka anasema umeomba mara mbili na mara mbili umefukuzwa ofisini, kwa sababu karatasi zako zimeandikwa kwamba ulimlisha mtoto wa Mzungu sumu. Anasema hata kibarua cha kuchuma kahawa hupewi, na kwamba Wariara anaitwa majina shuleni kwa ajili ya neno hilo. Nisingejua hayo labda ningeandika ile barua ya Memsabu, nikabandika stempu, nikaendelea na maisha yangu. Nimekwisha kufanya mabaya kuliko hayo.

Barua yake nimeiandika. Iko kwenye karatasi ya bluu, mistari minne, maneno ni yake mwenyewe. Hii nyeupe ni yangu, na nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujamjibu mtu yeyote.

Unakumbuka mtoto alivyokuwa. Jina lake ni Hilari, lakini wewe ulimwita Kanini, na mpaka leo mimi humwita hivyo tukiwa peke yetu jikoni, naye huitika. Miaka mitatu, tumbo limevimba, miguu vijiti, kuharisha kutwa. Kwanza Memsabu alilaumu vumbi la mgodini, akafunga madirisha miezi miwili, tukaiva sisi humo ndani. Halafu akalaumu maji. Halafu maziwa, na ng'ombe mzuri akauzwa bure. Mwishoni yule daktari kijana wa Nairobi akasema ni ngano. Matumbo ya mtoto huyu hayaiwezi ngano hata kidogo, akasema, wala shayiri, wala chochote cha jamii hiyo, na akila hatapona kamwe. Nakumbuka mimi nilicheka. Nilikuambia kwamba sasa nimeona maajabu, Wazungu wameng'oa miti nchi nzima wapande ngano, na ngano yenyewe haiwataki. Wewe hukucheka. Ulikuwa unafua nguo za yule mtoto mara sita kwa siku.

Basi Memsabu akaingia jikoni na karatasi ya daktari na kijiko cha kupimia, na mateso yangu yakaanza. Alitaka mtoto ale mkate kama watoto wengine, kwa kuwa mtoto alikuwa analilia mkate kila akiona sisi tunakata. Mimi niliyeoka keki za harusi tatu pale Nakuru, nikawa mwanafunzi. Mkate wa kwanza tuliufanya wa unga wa mahindi. Ulipasuka ungali ndani ya oveni, na tulipoutoa mbwa waliunusa wakaondoka. Wa pili ulikuwa wa mchele, nilioutwanga na kuusaga kwa kinu cha kahawa mpaka mkono ukafa ganzi, na kesho yake Bwana akauliza kwa nini kahawa yake ina chenga. Wa viazi uliumuka vizuri sana. Nikakuita uje uuone, na ulipofika mlangoni ukawa umelala chali.

Wiki baada ya wiki tulifanya hivyo. Ute wa mayai sita, wa mayai manane, ndizi mbivu, soda, hamira, bila hamira. Kila mara nilipaka mikebe mafuta na kuinyunyizia unga kama nilivyofundishwa, nikafunga mlango wa oveni, na kila mara tulitoa kitu kisichoshikana. Memsabu alilia siku moja, machozi yakaingia kwenye bakuli. Nilimhurumia. Niseme ukweli, wakati ule nilimhurumia.

Wewe ndiwe uliyesema neno la maana. Ulikuwa umesimama na beseni kiunoni, ukatazama vile vipande vya mkate wa mchele, ukasema unga huo hauna cha kuushika, na kwamba kwenu kinachoshika ni uji. Pika kwanza uji mzito, ukasema, kisha ukandie unga mwingine humo. Nikakujibu kwamba yaya akae na nepi na mpishi akae na oveni. Unalikumbuka jibu hilo? Mimi nalikumbuka.

Na lile debe la wimbi nalo. Kageha alikuwa ameniletea debe moja kutoka nyumbani, nami nikalificha chini ya kitanda kwa sababu niliona aibu, mpishi wa Wazungu kula wimbi. Uliniomba vikombe viwili umpikie Kanini uji, kwa vile kwenu na kwetu pia mtu akiishiwa na nguvu ndicho anachopewa. Memsabu asingekubali kitu cheusi namna ile kiingie kinywani mwa mtoto wake, hivyo ulikuwa ukipika anapolala baada ya chakula cha mchana, na kuuacha uchachuke kidogo nyuma ya jiko. Mtoto alikuwa anakunywa mpaka analamba kijiko. Mimi niliona yote. Wimbi ilikuwa yangu, na kila ilipokwisha nilikuongezea.

Ndipo ikaja ile wiki ya Machi, mwaka wa hamsini na nne. Mama yako aliugua, Bwana akakupa ruhusa ya siku tatu kwenda Subukia. Ulipofika tu huko, askari wakafunga barabara zote, wakawa wanachuja watu shamba kwa shamba, wakiwatafuta wenye kiapo na watu wa msituni. Siku tatu zikawa kumi. Kimutai naye alikuwa ameenda Nakuru na lori kuleta vyakula, akazuiliwa hukohuko. Nyumba nzima ikaishi kwa nyama, viazi na posho, na Bwana alinung'unika kila asubuhi kwa kukosa mkate wake.

Na katika siku hizo kumi Kanini akapona. Siku ya nne tumbo lilikaa. Siku ya sita aliomba kuongezewa chakula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mezani. Siku ya nane alimkimbiza mbwa mpaka kwenye zizi, na Memsabu akasimama barazani akicheka kwa sauti.

Ijumaa barabara zikafunguliwa. Lori la Kimutai likaingia, na juu ya magunia mawili ya unga wa ngano ulikuwa umekaa wewe, kwa vile alikukuta stendi ya Nakuru akakupa lifti. Ulishuka mgongo wote mweupe. Mtoto akakukimbilia, na wewe ukamwinua, ukashangaa jinsi alivyokuwa mzito.

Jumanne akaanza kuharisha tena.

Memsabu ni mtu wa kuhesabu siku. Wangare hayupo, mtoto mzima. Wangare amerudi, mtoto mgonjwa. Na ukumbuke magazeti yalivyokuwa yakiandika mwaka ule habari za watumishi kuwaua Wazungu wao, na jinsi majirani walivyokuwa wakiketi mezani na bastola kando ya uma. Akaanza kupekua, na nyuma ya jiko akakuta sufuria yako. Aliileta mbele yangu kwenye meza, ule uji mweusi unaonuka uchachu, akaniuliza hiki ni nini. Ulikuwa umesimama mlangoni na taulo mkononi. Nikasema sijui, Memsabu.

Hilo unalijua, uliliona kwa macho yako. Ulinitazama, kisha ukajieleza mwenyewe kwa Kiswahili kizuri kwamba ni uji wa wimbi, na hakuna aliyekusikiliza. Nilijiambia kwamba Mmaragoli hana sababu ya kujitia katika mambo ya Wakikuyu na Serikali. Nilijiambia nina watoto watano. Watu wengi walisema sijui mwaka ule, na labda ulikwisha kuniweka pamoja nao ukanisahau. Kama lingekuwa hilo peke yake ningekuomba radhi hapa, nikatia sahihi. Sasa nifike kwenye lile usilolijua.

Asubuhi yake, Jumatano, nilikuwa naoka mkate wa mtoto, ule wa mchele na viazi. Unga wa mkate ulikuwa tayari kwenye bakuli. Nikapaka mkebe mafuta, na mkono wangu ukaingia kwenye kopo la ngano, ukachota kiganja, ukarusha, nikauzungusha mkebe na kuugonga pembeni. Yule Mgoa aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja kubwa, kwamba mkebe usionyunyiziwa unga ni mkebe mchafu, na mkate ukigandia si kosa la unga bali la mpishi. Alikuwa akitupiga vidole kwa mwiko tukisahau. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Mkono unafanya wenyewe, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati. Nilikuwa nanyunyiza pia juu ya meza, na juu ya kifimbo cha kusukumia biskuti zake. Hatukuwa na unga mwingine wa kunyunyiza. Memsabu alikuwa akipima kila kinachoingia kwenye bakuli, kijiko kwa kijiko. Kile kilichoko nje ya bakuli hakuna aliyekipima.

Nikasimama na mkebe mkononi. Nikaanza kuhesabu mimi pia. Ile wiki uliyokuwa Subukia, kopo la ngano lilikuwa tupu. Nilikuwa napaka mikebe mafuta matupu na kulalamika kwamba mkate wa mtoto unagandia. Lori lililokurudisha wewe ndilo lililoleta unga, na wewe uliletwa ukiwa umeukalia. Memsabu alikuwa amehesabu sawasawa, ila hakuona kwamba mlikuwa wawili mliorudi siku ile.

Hayo niliyajua Jumatano, Wangare, kabla ya saa tatu asubuhi. Askari walikuja kukuchukua Ijumaa saa nne.

Siku mbili nzima. Ulipita jikoni kwangu labda mara ishirini. Uliniomba maji ya moto, ukaniuliza kama nafikiri watakufukuza kazi, nikakuambia itapita. Ningekwenda barazani nikasema Memsabu, mimi ndiye ninayemlisha mtoto ngano, ningefukuzwa siku hiyohiyo bila barua ya sifa, na labda wangenipeleka mimi kwa askari. Niliogopa. Lakini nikuambie yote, si woga tu. Niliona aibu ya kazi yangu. Nilikuwa nimetangaza kwamba mimi ndiye mwokaji bora toka Naivasha mpaka Njoro, na nilishindwa kusema kwamba mtoto alikuwa anakufa kwa mkono wangu. Niliona afadhali useme wewe hukufanya, mimi ninyamaze, na Mungu atafute njia. Mungu hakutafuta, na mimi nilikuwa nimeikalia njia yenyewe.

Jumamosi ndipo nikaacha kunyunyiza; siku zile mbili niliendelea, nikiogopa kuulizwa kwa nini nimebadili. Nilichemsha mikebe, nikaikwangua, nikatenga meza ya mtoto. Na mtoto akapona, sawasawa kama nilivyojua angepona. Kila siku alipopata nafuu ilikuwa ushahidi mpya juu yako. Bwana alikwenda Gilgil akaandikisha kwa askari kwamba tangu yaya aondolewe, mtoto hajaugua hata saa moja, na hakusema uongo. Siku moja nilisimama tena na kopo la ngano mkononi, nikawaza kwamba nikinyunyiza kidogo tu, akaharisha kidogo tu, wataona kwamba haukuwa wewe. Nikamtazama akicheza na paka chini ya meza, nikarudisha kopo. Nilijisifu kwa hilo miezi mingi. Nilijiambia nimechagua uhai wa mtoto. Njia ya tatu, ya kufungua mdomo wangu, sikuitazama.

Mwaka ule ule nikapika uji wa wimbi, nikakandia unga wa mchele humo kama ulivyosema. Ulishika. Ni mkate mzuri, mweusi kidogo, laini, unakatika bila kumomonyoka, na nilipoeleza kwamba wimbi ni nafaka tu inayopandwa kwetu, Memsabu alinusa, akaonja, akasema ni sawa. Hakuukumbuka ule wa sufuria, au hakutaka. Aliupeleka kwenye maonyesho ya Nakuru akapewa utepe wa mshindi, na wanawake wa Njoro wakaja kunakili. Unaitwa mkate wa Memsabu. Kanini ana miaka saba sasa na anapanda farasi.

Alhamisi iliyopita nilimwambia. Nilivua aproni kwanza, kwa sababu nilitaka kufukuzwa nikiwa mtu wa kawaida. Nikamweleza kila kitu nilivyokueleza wewe: kopo, mikebe, siku kumi, Jumatano. Nikamwambia ule uji ulikuwa wimbi yangu, ndiyo hiyo iliyompatia utepe. Alizungusha pete kidoleni. Halafu akasema ni zamani mno. Akasema wakati ule hakuna aliyeweza kujua lolote, watu wote walikuwa na hofu, na Bwana alikwisha kutia sahihi maneno yake kwa Serikali, haifai aonekane alisema vibaya. Akaniuliza kama mikebe ni salama siku hizi. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri, basi niandike kama alivyoniagiza, kwamba amekusamehe, na chakula cha mchana kiwe saa saba kwa sababu kuna wageni.

Hata kufukuzwa sikufukuzwa. Nilifunga aproni tena nikachoma kondoo. Nilikuwa nimelibeba jambo hili miaka minne nikidhani lina uzito wa kuiangusha nyumba, kumbe nimelitua mezani na sahani hazikutikisika.

Kwa hiyo sikuombi msamaha. Nimeona jinsi unavyotolewa hapa, na nisingependa unipe kitu cha namna hiyo. Ukitaka kuja, njoo, kazi ni kazi na pasi ni pasi, na mimi sina haki ya kukuambia ukatae. Ila usije kama mtu aliyesamehewa. Hukufanya lolote, dada, zaidi ya kumlisha mtoto chakula pekee kilichokuwa hakimuumizi katika nyumba nzima.

Karatasi ya tatu, ile iliyokunjwa ndani ya gazeti, ni maneno yangu kwa Serikali. Niliyasema mbele ya Nicodemus, mzee wa kanisa wa Gilgil, akayaandika kwa Kiingereza, nikatia sahihi na kidole gumba pia ili wasiseme si mimi. Waithaka ameshuhudia. Ipeleke kwa D.O. wa huko, umwombe aiweke pamoja na zile karatasi zako. Sijui kama wataisoma. Wakiniita nitakuja na nitasema hayohayo, na wakinifunga Kageha amekwisha kuambiwa. Alinijibu kwa kifupi kwamba nimechelewa.

Hapa nakomea, maana jiko linazimika na karatasi imekwisha. Wasalimie wote wanaokujua hapo, na kaburi la mama ulipelekee jiwe kwa niaba yangu, kama utaona linafaa kutoka kwangu.

Kwa Wariara sijui niseme nini. Ulipochukuliwa alikuwa na miaka sita, na alikaa jikoni kwangu siku tatu kabla lori la kuwachukua watoto wa waliokamatwa halijaja. Nilimpa maziwa na mkate mwingi. Kila asubuhi alikaa juu ya lile kopo la ngano, akaniuliza mama amefanya nini, nami kila asubuhi nilimwambia sijui, mtoto wangu, kula. Mwambie kwamba nilikuwa najua.

Ni mimi,
Hezekiah Lumadede,
mpishi.